Primu na kupaje: nani anamlipa mwalimu wa Bukavu, nani anamlipa mtangazaji wake

Wiki ya mwisho ya Agosti, ukifungua redio ya Bukavu, mji wa Kivu Kusini mashariki mwa Kongo, asubuhi, kabla ya habari utasikia komunike. Mbuzi wawili wamepotea Cimpunda, aliyewaona apige simu. Familia fulani inatangaza kilio, mazishi ni kesho, watu wakutane Panzi. Halafu zinafuata shule, moja baada ya nyingine: shule fulani ya Ibanda inawajulisha wazazi wapenda masomo bora kwamba inaandikisha watoto wa chekechea, msingi na sekondari, walimu ni wenye uzoefu, mtihani wa Serikali walifaulu vizuri, nafasi ni chache. Mtangazaji husoma kwa sauti ileile aliyowasomea wale mbuzi.

Kila komunike inalipiwa. Si pesa nyingi, lakini kwa redio ya mtaa isiyopata ruzuku yoyote, komunike za Agosti na Septemba ndizo zinazonunua mafuta ya grupe, yaani jenereta, maana umeme wa SNEL, shirika la umeme, kila mtu wa mji huu anaujua ulivyo. Sasa mwezi wa kumi mzazi mmoja anapanda ngazi mpaka studio. Anasema ile shule imemtoa mwanawe darasani kwa sababu ya malipo ambayo hayamo katika orodha iliyosainiwa na gavana. Mhariri anamsikiliza hadi mwisho. Anamwonea huruma, yeye pia ana watoto. Lakini ile shule ni mteja wake, na mafuta ya mwezi wa kumi bado hayajanunuliwa.

Matatizo ya shule huwa tunayazungumza mahali pamoja, ya vyombo vya habari mahali pengine, kana kwamba wagonjwa wamelazwa hospitali mbili. Nikiangalia mji wangu naona mgonjwa mmoja. Mwalimu, kwa karibu miaka thelathini, aliishi kwa pesa ya mzazi kupitia kinachoitwa primu. Mwandishi wa habari anaishi kwa pesa ya yule anayemwandika, kupitia kinachoitwa kupaje. Wote wawili serikali inawatambua kwa karatasi, na wote wawili wanakula kwa mkono mwingine. Mara nyingi, tena, ni mtu yuleyule: asubuhi anafundisha Kifaransa sekondari huko Kadutu, jioni anasoma habari. Ukimuuliza kazi yake ni ipi, atakujibu ile iliyomlipa wiki hiyo.

Tuanze na shule, kwa sababu huko ndiko fundo lilikofungwa kwanza.

Mwaka 1906 Dola Huru la Kongo, lile la Leopold wa Pili, lilifunga mkataba na Vatikani: wamisionari wapewe ardhi, nao wajenge shule. Tangu siku hiyo dola la Kongo limezoea kuwa na shule ambazo halikuzijenga. Wabelgiji waliendelea vivyo hivyo, wakitoa ruzuku kwa misheni kuanzia miaka ya 1920, na mpaka leo ukisimama juu ya ziwa ukaangalia majengo makubwa ya masomo ya Bukavu, kama Alfajiri ya Wajesuiti, unaona kazi ya mapadri na masista, siyo ya wizara. Mobutu alijaribu kuvunja desturi hiyo. Mwaka 1974 alizitaifisha shule zote. Hata miaka mitatu haikuisha: Februari 1977 serikali ikasaini na makanisa makubwa hati inayoitwa konvansyo, ikawarudishia usimamizi. Wakatoliki, Waprotestanti na Wakimbangu walikuwa wa kwanza, Waislamu wakafuata. Ndiyo maana tunasema shule za konvansyone. Maana yake, kwa kifupi: dola linaandika programu na kulipa walimu, kanisa linasimamia nyumba na kumteua diregta, yaani mkuu wa shule. Zaidi ya nusu ya shule za msingi za serikali nchini ziko chini ya mpango huo.

Mpango wenyewe si mbaya, mradi kila upande utimize wake. Upande wa dola haukutimiza. Katika miaka ya 1980 Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, ilikuwa imebanwa na madeni, na wakopeshaji wakadai matumizi yapunguzwe. Kwa hesabu za Benki ya Dunia, pesa ambayo serikali ilitumia kwa mwanafunzi mmoja ilishuka kutoka dola 159 mwaka 1982 hadi dola 23 mwaka 1987. Miaka mitano tu. Kisha ukaja mwanzo wa miaka ya 1990, uporaji wa Septemba 1991, noti ya zaire milioni tano, mishahara ambayo ikifika inakuwa imeshakufa njiani. Walimu wakagoma muda mrefu. Wazazi, wakiogopa watoto kukaa nyumbani mwaka mwingine, wakakubaliana na maaskofu kwamba wao wenyewe watamwongezea mwalimu kitu ili arudi darasani. Kitu hicho kikaitwa primu ya motisha. Ilikuwa bendeji ya dharura. Bendeji ikakaa mpaka ikageuka ngozi.

Primu ilivyofanya kazi, hapo ndipo penye somo. Tuseme, kwa mfano tu, darasa la watoto hamsini na kila mzazi anatoa dola tano kwa mwezi. Mtu asiyejua atasema mwalimu anapata dola 250. Hapana. Pesa inapokelewa na diregta, na kabla ya kumfikia mwalimu inapanda ngazi: fungu la ofisi ya masomo ya eneo, fungu la kordinasyo ya kanisa, fungu la inspeksyo, na juu yake tena mpaka jimboni. Mgawanyo huo ulikuwa na jina rasmi, ventilasyo, na asilimia zake zilikuwa zimeandikwa. Pembeni kulikuwa na kitambulisho cha mwanafunzi cha SERNIE na bima ya SONAS, ambayo sijakutana na mzazi aliyewahi kulipwa nayo mtoto wake alipovunjika mkono. Kwa hiyo ofisi nzima za elimu, zenye mabiro na mihuri, ziliishi kwa pesa ya mama anayeuza mboga za lengalenga sokoni Kadutu. Watu husema serikali ya Kongo haikuwepo shuleni. Ilikuwepo sana, ilikuwa inalipwa na yule mama.

Na kama ofisi inaishi kwa idadi ya watoto wanaolipa, ofisi itapenda shule ziwe nyingi. Kila shule mpya ni tawi jipya la kuchuma. Hii ndiyo sababu mojawapo inayofanya Bukavu ionekane ilivyo: shule ya vyumba vinne imebanwa kati ya nyumba na mtaro, nyingine hatua hamsini kutoka hapo, uwanja wa michezo hakuna, watoto wanakimbilia barabarani wakati wa mapumziko. Shule inapata kibali, inafunguliwa, walimu wanaajiriwa na diregta, kisha wanangoja kumekanizwa, yaani majina yao yaingizwe katika orodha ya malipo Kinshasa. Wanangoja mwaka, miaka mitano, kumi. Tunawaita NU, yuniti mpya, jina zuri la kumpa mtu ambaye nywele zimeanza kuwa nyeupe.

Primu ilipanga pia nani anafundisha wapi. Mwalimu wa shule ya katikati ya mji, kwa watoto wa wafanyabiashara na wa watumishi wa mashirika, alipokea primu iliyozidi mshahara wa serikali mara kadhaa. Mwenzake wa vijiji vya Kabare au Walungu, mwenye cheti kilekile, alipewa maharage wakati wa mavuno. Basi mwalimu mwenye nguvu anashuka mjini, mkulima anabaki na aliyechoka, mtoto wake anashindwa mtihani, na watu wa mjini wanasema watu wa kijiji hawapendi kusoma.

Nilipokuwa darasa la tano nilirudishwa nyumbani kwa sababu ya primu, si mara moja. Tulikuwa tunasimamishwa mstari mmoja, majina yakasomwa. Mama yangu akapanda mlima mpaka shuleni, na nakumbuka diregta alimwambia kwa sauti ya chini, kama mtu anayeomba msamaha: "Mama, tufanye je? Na sisi tuko wazazi." Alikuwa anasema kweli. Yeye hakuwa na mshahara wa maana, na mama hakuwa na primu. Aliyepaswa kuwepo katika mazungumzo hayo alikuwa Kinshasa, kilometa zaidi ya elfu na mia tano, bila barabara.

Ila nitasema jambo ambalo wapiganiaji wa elimu ya bure hawapendi kulisikia. Primu ilimpa mzazi sauti. Mzazi aliyelipa alikuja kwenye mkutano wa komite ya wazazi, akauliza kwa nini mwalimu wa hesabu hayupo tangu Jumanne, na diregta alilazimika kujibu kwa sababu mwezi ujao angemhitaji. Ulikuwa wizi na ulikuwa ukaguzi, katika bahasha moja. Ukiondoa primu bila kuweka ukaguzi mwingine, unamwacha mzazi nje ya uzio.

Tuiweke hapo shule kwanza, tupande ngazi za redio.

Kupaje ni neno la Kifaransa, linatoka kwenye kukata. Sikio la Mswahili hulisikia kama kupa, na maana zote mbili zinafaa. Mwandishi anaitwa kwenye semina ya shirika, kwenye uzinduzi wa bomba la maji, kwenye mkutano wa waziri wa jimbo. Mwisho wa shughuli kuna bahasha: wengine huita transporti, wengine mafuta, wengine hawaiiti kitu. Habari inatoka jioni. Aliyetoa bahasha anasikika dakika tatu, na hakuna anayemuuliza swali lenye miiba. Asiyeweza kutoa bahasha, kama yule mzazi wa mwezi wa kumi, hupata sekunde kumi au hapati kitu.

Rahisi kumlaumu mwandishi, na viongozi wetu wanaipenda lawama hiyo. Lakini redio nyingi za Bukavu hazina mshahara wa kutoa. Wanaofanya kazi humo wengi hawana mkataba; wanaitwa wanafunzi wa kazi kwa miaka, kama NU wa upande wa pili. Mwenye redio anampa mtu maikrofoni na kadi, akatafute mwenyewe. Mwenye redio naye mara nyingi ni mwanasiasa, au kanisa, au mfanyabiashara atakayegombea ubunge. Gazeti la kuchapwa karibu halipo: karatasi ghali, mnunuzi hana, na mtu wa Bagira hanunui habari ambayo jirani ataifungulia sauti kubwa bure. Tangazo la biashara ni dogo, kwa sababu biashara zenyewe ni ndogo. Zinazobaki ni kampuni za simu, bia, na shule.

Pamoja na hayo mji huu umewahi kuwa na redio za kujivunia. Radio Maendeleo ilizaliwa mwaka 1993, ikianzishwa na mashirika ya wananchi ya Kivu Kusini, na haikuwa mali ya mtu mmoja. Vijijini kulikuwa na vikundi vya wasikilizaji, redio klabu, vilivyokutana kusikiliza pamoja na kupeleka habari za kwao: daraja limekatika, mbegu zimechelewa, mwalimu hajaonekana. Waasi wa RCD walipotawala huku, waliifunga mwaka 1999, na hiyo kwangu ni sifa kubwa kuliko tuzo. Mwaka 2002 Radio Okapi ikaanza, ya Umoja wa Mataifa na Fondation Hirondelle ya Uswisi, ikitangaza Kiswahili pamoja na lugha nyingine nne, ikilipa mishahara inayojulikana. Mwaka 2003 waandishi wanawake wa Kivu Kusini wakaunda chama chao, AFEM, wakabeba rekoda mpaka kwa wanawake waliobakwa vitani ambao hakuna mtu angetoa bahasha ili wasikike.

Gharama yake iliandikwa kwa damu. Juni 2007 Serge Maheshe wa Radio Okapi alipigwa risasi hapa Bukavu. Novemba 2008 mwenzake wa redio hiyohiyo, Didace Namujimbo, akauawa akikaribia nyumbani kwake. Agosti 2009 Bruno Koko Chirambiza wa Radio Star akachomwa kisu. Kesi ya Maheshe na ile ya Namujimbo zilipelekwa mahakama ya kijeshi, zikaisha zikiacha maswali mengi kuliko yalivyokuwa mwanzo. Mhariri anayekataa leo kugusa jambo zito, kabla hujamwita mwoga, kumbuka hayo matatu katika miaka miwili na kitu.

Basi hapo tuna mwalimu na primu yake, mwandishi na kupaje yake. Septemba 2019 ndipo vilipogongana.

Elimu ya msingi ya bure haikuwa wazo jipya. Iko katika Katiba ya Februari 2006, kifungu cha 43, wazi kabisa: elimu ya msingi ni ya lazima na ni bure katika shule za umma. Tangu 2010 Rais Joseph Kabila alikuwa amejaribu kuianza darasa kwa darasa, na haikushika. Félix Tshisekedi aliingia urais Januari 2019, akaitangaza kwa nchi nzima na kwa madarasa yote ya msingi kwa mpigo, mwanzo wa mwaka wa masomo. Gratwite, kama mtaa ulivyoipokea.

Waliopona mara moja ni wengi, na mtu asiseme vinginevyo. Watoto waliokuwa wakibeba mchanga au wakiuza maji waliingia darasani, baadhi wana miaka kumi na wamekaa na wa miaka sita. Huko Kadutu dawati la wawili likawa la wanne. Nchini kote walioingia wanahesabiwa kwa mamilioni.

Waliopoteza, nao, walikuwa watu maalumu. Wa kwanza ni mwalimu wa mjini wa shule ya konvansyone, ambaye kesho yake alibaki na mshahara wa serikali peke yake, uliokuwa ukikaribia dola mia moja, na nyongeza ndogo iliyochelewa. Wa pili ni NU: hakuwa na mshahara, sasa hana primu pia. Wa tatu ni zile ofisi za ngazi, zilizokuwa zikiishi kwa ventilasyo. Hawa wa tatu hawakugoma. Walitafuta njia nyingine. Primu ikafa kwa jina, ikazaliwa kwa majina mengine: pesa ya karatasi za mtihani, pesa ya mlinzi, pesa ya kumwona mwalimu, makosi, yaani masomo ya ziada, ya jioni ambayo asiyelipa hataelewa somo la asubuhi. Wazazi wenye uwezo wakawahamisha watoto kwenda shule za binafsi, na zile shule zikaongeza komunike redioni. Wale waliokuwa na sauti kwenye komite ya wazazi wakaondoka nayo. Sekondari ikaendelea kulipiwa kama zamani, kwa hiyo mtoto aliyemaliza msingi bure akagonga mlango wa pesa akiwa na miaka kumi na mbili.

Hapo ndipo mwandishi wa habari wa mji alihitajika kuliko siku zote. Pesa ya elimu ilikuwa imebadilisha njia: badala ya kutoka kwa mama wa Kadutu na kupanda Kinshasa, sasa ilitoka Kinshasa na kushuka. Pesa inayopanda, mama anaijua, ameitoa mfukoni. Pesa inayoshuka haijui. Hajui ilikuwa ngapi ilipotoka, hawezi kusema imepungua. Njia pekee ya kuijua ni mtu mwenye kazi ya kuuliza, anayeweza kuingia ofisi akatoka bila bahasha.

Tukio kubwa lilithibitisha. Juni 2020 Benki ya Dunia ilikubali dola milioni 800 kusaidia elimu hiyo ya bure. Miezi michache baadaye wakaguzi wa fedha wa serikali, IGF, wakaingia SECOPE, ofisi iliyokuwa ikitengeneza orodha ya malipo ya walimu, wakakuta shule zisizokuwepo na walimu wasiokuwepo wakilipwa kwa hati za kughushi. Wakubwa wa ofisi hiyo walifikishwa mahakamani. SECOPE yenyewe ikabadilishwa jina, sasa tunaiita DINACOPE.

Jiulize jambo dogo. Shule isiyokuwepo ina anwani. Imeandikwa iko kijiji fulani, mlima fulani. Mtu wa kijiji hicho angeijua kuwa haipo kwa kutoka tu nje ya nyumba yake asubuhi. Hakuhitajika mkaguzi kutoka Kinshasa, ilihitajika orodha isomwe mahali ambapo watu wanasikia. Redio klabu za zamani zingefanya kazi hiyo kwa jioni moja: tunasikia kwetu kuna shule yenye walimu tisa, tafadhali mtuonyeshe ni nyuma ya mgomba upi. Lakini orodha haikufika redioni, na kama ingefika, ni nani angelipia dakika za kuisoma?

Si kwamba karatasi hazipo. Kila mwaka gavana wa jimbo husaini agizo linalopanga malipo ya shule: sekondari ya mjini ngapi, ya kijijini ngapi, nini kinakatazwa. Ni hati ya umma. Kurasa chache. Nimewahi kuwauliza wazazi kumi katika mkutano mmoja nani ameiona. Mmoja alikuwa ameiona, naye ni karani wa ofisi ya masomo. Diregta anayo katika kabati. Redio inatangaza kwamba gavana amesaini, kwa sababu sherehe ya kusaini ilikuwa na waalikwa, lakini tarakimu zenyewe hazisomwi, achilia mbali kurudiwa kwa Kiswahili na Mashi wiki mbili mfululizo mpaka mama wa sokoni azishike kichwani. Kuisoma ile hati ingechukua dakika kumi na mbili. Tangazo la bia huchukua zaidi kwa siku.

Baadhi ya wenzangu husema dawa ni pesa ya wafadhili. Ndiyo, kwa miaka mingi vipindi vizuri vya elimu, afya na haki vya redio za Kivu vililipwa na mashirika ya nje, na vingine vilikuwa vizuri kweli. Ila mfadhili naye ni mkono. Mradi wa miezi kumi na minane una mada yake, ripoti yake, picha zake. Mwezi wa kumi na tisa kipindi kinakufa katikati ya msimu na mtangazaji anarudi kwenye bahasha. Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje tarehe 20 Januari 2025, studio zilizokuwa zikiitegemea zilijifunza hilo kwa siku moja. Sheria nayo imejaa ahadi. Ile ya habari ya 1996 ilibadilishwa na nyingine ya Machi 2023, na baraza la kusimamia vyombo vya habari, CSAC, lipo tangu 2011, hodari kwa kusimamisha vipindi. Kuhusu nani atalipa mshahara wa anayekwenda kuhesabu madawati ya Mwenga, kimya.

Walimu nao wana ahadi zao katika kabati. Mkataba wa Mbudi wa Februari 2004, kati ya serikali na vyama vya watumishi wake, uliahidi kwamba mtumishi wa cheo cha chini kabisa angepata dola 208 kwa mwezi. Yaliyofuata ni mikutano mingine, yenye majina ya mahali pengine. Septemba 2024 walimu wa Kivu Kusini waligoma wakitaka mshahara ufikie dola 500, na watoto wa Bukavu wakakaa nyumbani wiki nyingi. Nilisikia mgomo ukitangazwa redioni. Ilikuwa komunike ya sindika, yaani chama cha walimu, imesomwa mara tatu, na imelipiwa mara tatu. Sikusikia kipindi kilichomweka mwalimu, mzazi na mtu wa bajeti meza moja wafungue hesabu: mishahara inayotoka Kinshasa ni mingapi, walioko darasani ni wangapi.

Kisha vita vikafika mlangoni. Mapema Januari 2025 waziri wa sheria huko Kinshasa alitishia adhabu ya kifo kwa wanaoeneza habari za jeshi la Rwanda na washirika wake, waandishi wakiwemo. Mwisho wa mwezi huo waasi wa M23 wakaichukua Goma, katikati ya Februari wakaingia Bukavu. Redio zikapunguza sauti, kwa sababu kila neno lina wenyewe wawili, na wote wawili wana bunduki. Vipindi vya dini na muziki vikarefuka. Komunike za mbuzi na vilio zikaendelea.

Benki zikafunga. Kabla ya 2011 mshahara wa mwalimu ulikuwa ukija kwa mfuko, mkono kwa mkono, kila mkono ukionja. Malipo ya benki yalikuja kuondoa hiyo mikono, na kwa kiasi fulani yaliiondoa. Sasa anayepata kitu anakipata kwa simu. Anapanga mstari kwa wakala wa Nyawera, noti ni haba mjini, na wakala anakata asilimia yake kabla ya kuhesabu. Ukimuuliza wakala kwa nini anakata kiasi hicho, anakuonyesha aliyemuuzia hizo noti, naye alikata. Kwa lugha ya redio hilo pia ni kupaje. Jumatatu mwalimu anarudi darasani na kilichobaki, watoto ni sabini, na diregta amepitisha karatasi kwa wazazi akiomba mchango kidogo wa kumsaidia. Katika karatasi hiyo neno primu halimo.